Wakutubi: Maadili ya kazi na haki wanazostahili kupewa na waajiri

Na MWANDISHI WETU

MWISHO wa muhula, mkuu wa shule ya upili anamwita mkutubi ofisini mwake. Vitabu vimehesabiwa na kadhaa havionekani kwenye rafu. Mkutubi anaarifiwa kwamba gharama ya vitabu hivyo itakatwa kutoka kwa mshahara wake. Kabla hajaondoka, anaagizwa pia alete orodha ya wanafunzi walioazima riwaya fulani ambayo mzazi mmoja ameilalamikia.

Huo ni mfano tu, lakini wengi wanaofanya kazi katika maktaba hawatauona kuwa mgeni. Ndani yake mna maswali mawili. Je, ni halali mfanyakazi kulipia vitabu vilivyopotea? Na je, ni sawa kufichua nani alisoma nini? Swali la kwanza linahusu haki za mfanyakazi, la pili linahusu maadili ya taaluma.

Aghalabu maswali haya hujadiliwa kando kando, ilhali moja hulitegemea jingine. Mkutubi ambaye hana barua ya kuajiriwa, na anayeweza kutimuliwa jioni, hana ubavu wa kumwambia mkubwa wake kwamba agizo fulani linakiuka maadili. Makala haya yanaeleza yale ambayo mkutubi anadaiwa na wasomaji wake na yale ambayo yeye naye anamdai mwajiri.

MKUTUBI NI NANI?

Mkutubi si mlinzi wa vitabu wala karani wa kupiga mihuri. Yeye huchagua na kuagiza vitabu, huviorodhesha na kuvipanga kwa utaratibu unaomwezesha msomaji kuvipata, humwelekeza mtafiti, hufunza wanafunzi namna ya kutafuta na kupima habari, na huhifadhi kumbukumbu za jamii. Siku hizi kazi hiyo inajumuisha pia majarida na vitabu vya kielektroniki pamoja na mitambo ya kompyuta.

Mafunzo ya taaluma hii yana historia ndefu katika eneo hili. Chuo cha Ukutubi cha Afrika Mashariki kilianzishwa Makerere, Uganda, mwaka wa 1963. Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Moi kilianzisha Kitivo cha Sayansi za Habari mwaka wa 1988. Vyuo vingine vimefuata, vikitoa vyeti, diploma na shahada.

Waajiri wa wakutubi ni wengi. Kuna Bodi ya Huduma za Maktaba ya Kitaifa, iliyoundwa kwa sheria ya bunge ya mwaka wa 1965. Kuna serikali za kaunti, ambazo zilikabidhiwa jukumu la maktaba na Katiba ya 2010. Kuna vyuo vikuu, mashirika na shule. Katika shule nyingi za umma, anayehudumu maktabani huajiriwa na bodi ya usimamizi ya shule wala si Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC), na hulipwa kutokana na fedha za shule yenyewe. Wakati mwingine mwalimu mwenye vipindi vyake darasani huongezewa maktaba kama mzigo wa ziada.

Tofauti hizo za waajiri ndizo huzaa tofauti kubwa za mishahara na masharti ya kazi baina ya watu wenye elimu moja. Hata hivyo, sheria za kimsingi za ajira na kanuni za maadili huwahusu wote.

CHIMBUKO LA MAADILI

Chama cha Maktaba cha Marekani kiliidhinisha kanuni zake za maadili mwaka wa 1939, na kimezirekebisha mara kadhaa tangu hapo, hivi karibuni ikiwa mwaka wa 2021. Kanuni hizo zinawataka wakutubi kuheshimiana na kutendeana haki kazini, na pia kutetea masharti ya kazi yanayolinda haki na maslahi ya wafanyakazi wote wa maktaba. Kwa maneno mengine, kutetea ajira ya haki ni sehemu ya maadili yenyewe, wala si jambo la pembeni.

Shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, lijulikanalo kwa kifupi kama IFLA, liliidhinisha kanuni zake mwezi wa Agosti 2012. Kanuni hizo zimegawika katika sehemu 6: kupatikana kwa habari, wajibu kwa mtu binafsi na jamii, usiri na uwazi, haki za wabunifu na upatikanaji huria wa maarifa, kutopendelea na uadilifu, na uhusiano baina ya wafanyakazi wenyewe na baina yao na waajiri.

Sehemu hiyo ya mwisho inapinga ubaguzi wa aina yoyote katika ajira na kuhimiza malipo sawa kwa wanaume na wanawake walio katika nyadhifa zinazolingana.

Historia yetu inaonyesha kwa nini kanuni za aina hii zinahitajika. Maktaba ya Ukumbusho ya McMillan jijini Nairobi ilifunguliwa mwaka wa 1931, lakini kwa miaka mingi Wazungu pekee ndio walioruhusiwa kuitumia. Mlango wake ulifunguliwa kwa watu wa rangi zote mwaka wa 1958. Jengo lililokuwa na maelfu ya vitabu lilisimama katikati ya jiji huku wakazi wengi wakipita nje tu.

WAJIBU WA MKUTUBI KWA MSOMAJI

Wajibu wa kwanza ni kuhudumia watu wote kwa usawa. Msomaji asipewe au kunyimwa kitabu kwa sababu ya kabila, dini, jinsia, mavazi, ulemavu au hali ya mfuko wake. Ibara ya 27 ya Katiba inapiga marufuku ubaguzi, na Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Usawa huu unawahusu pia wasioona. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka wa 2017, unalenga kurahisisha utengenezaji wa nakala za vitabu wanazoweza kuzitumia watu wenye matatizo ya kuona. Mkutubi anayejua mkataba huo hawezi kumwambia msomaji asiyeona kwamba maktaba haina la kumfanyia.

Wajibu wa pili ni kutunza siri. Kanuni za IFLA zinachukulia uhusiano wa maktaba na msomaji kuwa wa siri. Anayeazima kitabu kuhusu maradhi, talaka au madeni hapaswi kuogopa kwamba kesho habari zitamfikia jirani. Nchini Kenya, Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayekusanya habari za watu akusanye zile tu anazohitaji, azitumie kwa kusudi lililotajwa na asizihifadhi kupita muda unaohitajika. Habari za watoto zimepewa ulinzi wa ziada.

Kwa hivyo, daftari la kuazimia vitabu lililoachwa wazi kwenye kaunta, ambapo kila apitaye husoma majina na nambari za simu za wenzake, ni tatizo la kimaadili na la kisheria pia. Maafisa wa usalama wanapotaka kumbukumbu hizo, mkutubi hapaswi kuzitoa kwa neno la mdomo. Anafaa kuomba ombi la maandishi linalotaja msingi wake wa kisheria, kisha alifikishe kwa mkuu wa taasisi na wakili wake.

Wajibu wa tatu ni kutopendelea. Mkutubi ana imani na siasa zake kama raia mwingine yeyote, lakini rafu za maktaba si jukwaa lake. Anaponunua vitabu vya upande mmoja tu, au kuficha vile asivyokubaliana navyo, huwa amewaamulia wasomaji.

Wajibu wa nne ni uadilifu katika ununuzi. Hapa ndipo majaribu huwa makubwa. Muuzaji vitabu huja na bahasha, au huahidi asilimia fulani iwapo ataagiziwa nakala nyingi za kitabu ambacho hakihitajiki. Matokeo yake ni rafu zilizojaa vitabu visivyosomwa huku wanafunzi wakigombania nakala 2 za kitabu wanachotahiniwa. Mkutubi anayehudumu katika taasisi ya umma anafungwa pia na Sura ya Sita ya Katiba kuhusu uadilifu na Ibara ya 232 kuhusu maadili ya utumishi wa umma.

Wajibu wa tano ni kuheshimu jasho la waandishi. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inaruhusu matumizi ya haki kwa minajili ya utafiti na masomo ya kibinafsi, lakini haimruhusu mtu kurudufu kitabu kizima na kuuza nakala mlangoni pa maktaba. Mkutubi hutetea haki ya msomaji kupata maarifa na wakati uo huo hulinda haki ya mwandishi kula kwa kalamu yake.

MWAJIRI ANADAIWA NINI?

Sheria kuu hapa ni Sheria ya Ajira ya 2007. Baadhi ya vifungu vyake vinagusa maktaba moja kwa moja.

Mkataba wa maandishi: Kifungu cha 9 kinataka ajira ya miezi 3 au zaidi iandikwe, na jukumu la kuandaa mkataba ni la mwajiri, si la mfanyakazi. Mkataba huo unafaa kueleza kazi yenyewe, mshahara, saa za kazi na likizo. Iwapo mkutubi atatakiwa pia kuuza sare, kupokea wageni au kusimamia mitihani, hayo yaandikwe.

Vibarua wa kudumu: Kuna watu ambao wamehudumu maktabani kwa miaka wakiitwa vibarua. Kifungu cha 37 kinasema kwamba kibarua anayefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi 1, au anayefanya kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kukamilika kabla ya miezi 3, huhesabiwa kuwa ameajiriwa kwa mkataba wa mshahara wa kila mwezi. Kumlipa mtu kwa siku hakumwondolei haki hiyo.

Malipo sawa: Kifungu cha 5 kinakataza ubaguzi katika ajira na kumtaka mwajiri atoe malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Kenya iliidhinisha mkataba wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu malipo sawa mwaka wa 2001. Neno "thamani" lina uzito hapa. Mwajiri hawezi kujitetea kwa kusema tu kwamba vyeo vina majina tofauti, ikiwa kazi, elimu na wajibu ni vya kiwango kimoja.

Saa za kazi na likizo: Maktaba nyingi hufunguliwa jioni na wikendi kwa sababu ndipo wasomaji wana nafasi. Hilo ni jambo jema, lakini kila mfanyakazi ana haki ya angalau siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7. Aidha, ana haki ya likizo ya kila mwaka isiyopungua siku 21 za kazi yenye malipo kamili. Mama ana miezi 3 ya likizo ya uzazi, na baba ana majuma 2.

Usalama na afya: Vumbi la karatasi kuukuu, ukungu, ngazi mbovu na rafu zisizofungwa ukutani ni hatari halisi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mahali pa kazi hapahatarishi maisha. Wanaosafiri na vitabu nao wasisahauliwe. Huduma ya maktaba inayobebwa na ngamia, iliyoanzishwa Garissa mwaka wa 1996, iliwafikishia vitabu watoto wa wafugaji mbali na barabara za lami. Huduma kama hiyo haiwezekani bila wafanyakazi wanaolipiwa safari, malazi na bima.

Dhuluma za kimapenzi: Kifungu cha 6 kinamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atoe sera ya kuzuia dhuluma hizo. Mkutubi hufanya kazi akiwa peke yake hadi usiku katika vyumba vilivyotulia, na sera hiyo haina budi kumlinda dhidi ya wakubwa wake na pia dhidi ya wageni.

Wanagenzi: Wanafunzi wa ukutubi hutumwa nyanjani ili wajifunze. Taasisi inayowapokea wanagenzi mmoja baada ya mwingine ili isiajiri mtu huwa inawanyima mafunzo wanafunzi hao na kumnyima kazi aliyehitimu.

VITABU VILIVYOPOTEA

Turejee sasa kwenye swali la mkuu wa shule. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira kinaorodhesha makato yanayoruhusiwa. Mwajiri anaweza kukata kiasi cha haki kwa ajili ya mali iliyopotea au kuharibiwa, lakini pale tu ambapo hasara hiyo imetokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Hata hapo, jumla ya makato yote haifai kupita theluthi 2 ya mshahara.

Ni dhahiri, basi, kwamba kitabu kilichoibwa na msomaji, kilichonyeshewa kwa sababu paa linavuja, au kilichoazimwa na mwalimu aliyehamishwa bila kukirudisha, si deni la mkutubi. Hakuna maktaba duniani isiyopoteza vitabu. Hasara ya kiasi ni sehemu ya gharama ya kuwaruhusu watu wasome, na bajeti inafaa kuizingatia.

Makato ya aina hiyo huwa na madhara mengine yasiyoonekana haraka. Mkutubi anayejua kwamba atalipia kila kitabu huanza kuvificha. Huvifungia kabatini, huwaruhusu wanafunzi wavisome kwa dakika chache tu mbele yake, na huona fahari vikiwa vipya baada ya miaka 10. Kwa namna hiyo, mwajiri anayekata mshahara wa mkutubi huwa amewanyima vitabu wasomaji.

Hilo halimwondolei mkutubi wajibu wa kutunza mali aliyokabidhiwa. Anapoanza kazi, ashiriki kuhesabu vitabu na kutia sahihi orodha ya vile vilivyopo, wala asikubali orodha ambayo hajaihakiki. Kila muhula ahesabu tena na kuripoti kwa maandishi vilivyopotea na sababu zinazojulikana. Faini anazopokea kwa wanaochelewesha vitabu zitolewe risiti na ziwasilishwe kwa mhasibu mara moja. Kumbukumbu hizo ndizo ngao yake siku ya lawama.

KUFUTWA KAZI

Kifungu cha 41 kinasema kwamba kabla ya kumfuta mtu kwa sababu ya mwenendo mbaya, utendakazi duni au hali ya afya, mwajiri sharti amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na asikilize utetezi wao. Kifungu cha 43 kinamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha sababu hizo. Kulingana na Kifungu cha 46, ujauzito, uanachama katika chama cha wafanyakazi au kuwasilisha malalamishi yenye msingi dhidi ya mwajiri si sababu halali za kumtimua mtu.

Anayeamini kwamba amefutwa kinyume cha sheria anaweza kuwasilisha malalamishi kwa afisa wa leba ndani ya miezi 3, au kuelekea katika mahakama inayoshughulikia masuala ya ajira na leba. Mojawapo ya nafuu anazoweza kupewa ni fidia isiyozidi mshahara wa miezi 12. Katiba nayo, kupitia Ibara ya 41, inampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki, mazingira mazuri ya kazi na kujiunga na chama.

MAADILI YASIYO NA ULINZI

Kisa cha Ruth Brown kinaonyesha yanayotokea pale maadili yanapokosa ulinzi wa ajira. Brown alikuwa mkutubi wa mji wa Bartlesville, jimbo la Oklahoma, Marekani, tangu mwaka wa 1919. Mapema mwaka wa 1950 aliandamana na walimu 2 wanawake weusi hadi kwenye mkahawa wa Wazungu, wakanyimwa huduma. Muda mfupi baadaye alishtakiwa kuwa maktaba yake ilikuwa na majarida ya uchochezi. Mwezi wa Julai mwaka huo akafutwa kazi, baada ya utumishi wa zaidi ya miaka 30. Majarida yalikuwa kisingizio. Kosa lake hasa lilikuwa kuamini kwamba watu wote ni sawa.

Mwaka wa 1972, mkutubi mwingine wa Marekani, Zoia Horn, alikataa kutoa ushahidi katika kesi ya wanaharakati waliopinga vita, akisema kwamba maktaba haipaswi kugeuzwa mahali pa upelelezi. Alifungwa jela kwa karibu majuma 3.

Kenya pia imewahi kupitia nyakati ambapo kitabu kilimtia mtu mashakani. Mwaka wa 1987, polisi walinyakua nakala za riwaya ya Matigari ya Ngũgĩ wa Thiong'o kutoka kwa maduka ya vitabu. Katika miaka hiyo ya themanini, kupatikana na machapisho yaliyodaiwa kuwa ya uchochezi kuliwafikisha Wakenya kizuizini. Sheria ya uchochezi iliondolewa mwaka wa 1997, lakini funzo lake halijapitwa na wakati: anayetunza vitabu kwa niaba ya umma anahitaji sheria ya kumlinda, si moyo wa ujasiri pekee.

HATUA ZA KUCHUKUA

Kwa mkutubi: Dai mkataba wa maandishi na uhifadhi nakala nyumbani. Soma kanuni za maadili na uziweke mahali ambapo wasomaji wataziona. Andika kila agizo lenye utata unalopewa kwa mdomo, pamoja na tarehe. Jiunge na chama cha taaluma na chama cha wafanyakazi; kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa mwajiri: Tangaza nafasi za kazi waziwazi na uajiri kwa kufuata ujuzi. Kuwe na sera iliyoandikwa kuhusu uchaguzi wa vitabu, malalamishi dhidi ya vitabu, siri za wasomaji na vitabu vilivyopotea. Maktaba zinapohamishwa kutoka kwa mwajiri mmoja hadi mwingine, kama ilivyo katika ugatuzi, wafanyakazi waelezwe kwa maandishi hatima ya vyeo, miaka yao ya utumishi na malipo yao ya uzeeni.

Kwa msomaji na mzazi: Ukitaka kulalamikia kitabu, andikia taasisi, utaje kurasa na sababu, kisha usubiri kamati ikisome kizima. Usimwendee mkutubi kaunta kumtisha.

Katika shule yetu ya mfano, basi, jibu sahihi ni fupi. Vitabu vilivyopotea viripotiwe na vichunguzwe, lakini mshahara usiguswe pasipo ushahidi wa kosa la makusudi. Riwaya iliyolalamikiwa ipelekwe mbele ya kamati. Majina ya wanafunzi walioisoma yabaki yalipo. Na mkutubi atakayeyasema hayo mbele ya mkuu wake awe na hakika kwamba Jumatatu asubuhi atakuta ufunguo wa maktaba ungali mikononi mwake.